Rafu ya Usawa wa Macho

3 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Barua hii imesafiri ndani ya boksi la kamera, katikati ya mkanda na kitabu cha maelekezo, kwa hiyo ukiipata imekunjamana usinilaumu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Huku hatujambo. Shemeji yako naye hajambo, na mdomo wake haujambo zaidi.

Habari yenyewe ni hii: uwakala nimeupata! Kiwanda kimenipa miji yote ya upande huu. Studio nimeaga, basi, sitapiga tena picha za pasipoti za watu waliokatazwa kucheka. Lakini wameniwekea sharti. Maduka madogo hayawashtui. Wanataka waone kamera zao zinatoka kwenye duka kubwa, na duka kubwa ni hilo lako. Zikidoda hapo mpaka katikati ya mwaka, uwakala wanampa mtu mwingine. Na kule studio wameshamkalisha binti mwingine kwenye kiti changu, kwa hiyo pa kurudi sina.

Sasa nieleze, wewe uliye mkuu wa kitengo cha kamera. Mwaka jana nilipopita hapo niliona ile kampuni kubwa imetanda ukuta mzima, na kamera za wengine zimebanwa chini kabisa, mpaka mtu ainame kama anatafuta kiatu. Kwa nini? Zao zinapiga picha mpaka mawazo ya mtu? Hizi zangu nimezijaribu. Kwenye mwanga hafifu zinawashinda, na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Niwekee usawa wa macho, mdogo wangu. Rafu moja tu.

Dada yako


17 Februari

Dada,

Hongera! Nimeisoma barua yako kaunta huku mteja ananisubiri, akaona ninavyocheka akadhani ni barua ya mchumba.

Swali lako wateja huwa hawaulizi. Wanadhani rafu ni mashindano, kwamba kamera nzuri inapanda na mbaya inashuka. Sivyo. Rafu ni kiwanja, na mwenye duka anampa kiwanja yule atakayekuja kujenga mwenyewe. Lile kabati la kioo lenye taa si letu. Kampuni kubwa ililileta, ikalifunga, ikaweka na soketi chini yake za kuchajia kamera za maonyesho. Wale wauzaji wawili unaowaona na fulana za duka, mishahara yao inatoka kwa kampuni hiyohiyo. Kamera zao zikidoda wanazichukua na kuleta mpya, mwenye duka hapati hasara. Hao wengine wanamtaka anunue kwanza, zikidoda shauri yake. Halafu kuna lenzi. Anayenunua kamera yao leo atarudi kutafuta lenzi, betri, mkoba, na vyote hivyo vinataka pa kukaa. Ungekuwa wewe mwenye duka ungempa nani ukuta?

Na mteja naye ana mambo yake. Hainami. Anachukua iliyo mbele ya uso wake, anabonyeza kitufe, na ikiwaka mkononi mwake nusu ya kazi yangu imekwisha.

Ila usivunjike moyo. Katikati ya lile kabati kuna rafu waliyoijaza matangazo tu. Nitaisafisha nikupe. Mimi ndiye mkuu wa kitengo, hakuna wa kuniuliza. Lete kamera tatu za maonyesho pamoja na mzigo, mengine niachie mimi.

Profesa wako


6 Machi

Mdogo wangu,

Ile picha ya rafu uliyonitumia nimeishikashika mpaka imepata mafuta ya vidole. Zangu, katikati, chini ya taa! Ya kushoto umeiweka imeinamisha shingo kidogo kama bibi harusi. Kiwanda nao nimewatumia nakala. Wamejibu neno moja tu, "Vizuri," lakini kwa watu wale hilo ni sherehe.

Shemeji yako amekuchongea vibao vya kusimamishia kamera, viko humu ndani ya boksi. Amevipiga msasa tangu asubuhi huku anasema hata kitanda chetu hajakifanyia hivyo. Nikamwambia ndiyo, na mimi nimeliona hilo.

Nakushukuru sana. Nilikuwa na hofu ambayo sikukuandikia. Sasa nalala.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Vibao vya shemeji vinasifiwa na kila mtu. Kamera bado ziko palepale, usawa wa macho. Msimamizi wa kampuni kubwa, anayekagua kabati lao, alikuja na futi yake akalipima lote, akanung'unika, tukaelewana.

Mauzo hayajawa mazuri. Tatizo ni wateja. Wanasema kamera hizi hazikai na chaji. Wanazishika, wanabonyeza, haziwaki, wanarudisha. Ndiyo biashara ilivyo, usilichukulie moyoni.

Wasalimie wote.

Profesa


11 Aprili

Mdogo wangu,

Nisilichukulie moyoni vipi? Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama nikaimaliza nimekaa.

Kwanza nilibisha. Nilichukua kamera yangu, nikaijaza chaji, nikampiga picha shemeji yako kutwa nzima: anaranda mbao, anakula, amesinzia mdomo wazi. Mpaka giza linaingia bado ilikuwa inawaka. Lakini yangu ni moja, na pengine nimebahatika. Wewe unaona zinapita mikono ya watu wengi, na kamera unazijua kuliko mimi. Kama wewe umesema hazikai na chaji, basi hazikai.

Kwa hiyo nimeanza kuzunguka. Nimeingia duka moja moja, nimewaambia wazishushe. Wengine wamenicheka, wanasema hawajawahi kuona wakala anayekuja kuitoa bidhaa yake mwenyewe. Wacha wacheke. Sitamuuzia mtu kitu kibovu halafu nipite mtaani kwake natazama chini.

Kiwanda nimewaandikia kwamba betri zina kasoro. Jina lako sijalitaja, nisije nikakuponza kwa mwenye duka wako. Nimeandika kwamba nimehakikisha mwenyewe, kwa macho yangu. Huo ni uongo mdogo, Mungu atanisamehe.

Asante kwa kuniambia ukweli. Mwingine angenificha.

Dada yako


20 Aprili

Shemeji,

Najua utashangaa kupata barua yangu, sisi tumezoea kutaniana mdomoni. Kwanza asante kwa vibao.

Nina ombi. Mpunguze kasi dada. Mwambie asubiri kidogo kabla ya kuendelea kutoa kamera madukani. Labda ni betri za mzigo ule tu. Labda wateja wametia chumvi. Wewe anakusikiliza. Tafadhali usimwambie nimekuandikia.

Shemeji yako


27 Aprili

Shemeji,

Umekosea pa kuanzia. Mimi hanisikilizi, angekuwa ananisikiliza kuku wangekuwa wameshahama jikoni.

Sasa tuache utani. Mke wangu miguu imemvimba. Juzi alimfuata mpiga picha wa harusi mpaka ukumbini, watu wakadhani ni mgeni aliyechelewa, wakamletea sahani. Akamwambia, "Hiyo kamera niliyokuuzia ina kasoro, nirudishie." Yule bwana akamjibu kwamba haina kasoro yoyote, amepiga nayo harusi nyingi na haijawahi kumzimikia. Dada yako akaing'ang'ania mpaka akapewa. Alirudi nyumbani nayo kwenye mkoba, akakaa nayo mapajani, akaiwasha. Ikawaka. Akaniuliza, "Mbona inawaka?" Nikamwambia mimi ni seremala, aulize wenye elimu ya kamera. Akasema, "Mdogo wangu ameona, basi."

Halafu wewe unaniandikia labda, labda. Labda mbili kwenye barua fupi kama ile ni nyingi kwa mtu anayeitwa Profesa. Ukitaka nimfiche mke wangu jambo, niambie kwanza ninaficha nini.

Seremala


5 Mei

Shemeji,

Nimeichana karatasi hii mara kadhaa. Hii iliyobaki ndiyo nitakayotuma, hata ikiwa mbaya.

Kamera za dada hazina kasoro. Zinakaa na chaji kuliko hata za kampuni kubwa.

Siku ile msimamizi alipokuja na futi, alikuta rafu ya katikati si yao. Hakufoka. Alinieleza kwa upole kabisa, mbele ya mwenye duka, kwamba kabati ni lao, taa ni zao, na kama sitaki kuwaachia rafu yao, wanaweza kulifungua jioni ileile waende nalo. Mwenye duka akanitazama. Mimi nikanywea. Hapo ningemwandikia dada tu kwamba rafu imechukuliwa, angehuzunika, angetafuta duka jingine, mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeshajigamba kwamba hakuna wa kuniuliza. Picha nilikuwa nimeshatuma. Nikaomba. Nikasema ni ya dada yangu. Yule msimamizi akacheka akasema sawa, zikae, ila soketi ni za kamera zetu tu.

Nikakubali, shemeji, tena nikashukuru.

Mwanzoni nilikuwa nazibeba kwenda nazo nyumbani, nazichaji, nazirudisha asubuhi. Baadaye nikachoka. Zikawa zimekaa pale chini ya taa, zimezimika, juu ya vibao vyako. Mteja akiishika anabonyeza, haiwaki. Siku moja mama mmoja akaniuliza, "Mbona hii imekufa?" Msimamizi alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Nikasema, "Hizi hazikai na chaji, mama, chukua hii ya pembeni." Lilinitoka hivyohivyo. Yule bwana akanipiga bega kama mtu anayempongeza mwanawe, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Kuanzia hapo nikawa nalisema kwa kila mteja. Hata wale wauzaji wawili wakalidaka wakawa wanalisema. Na dada alipokuwa anasubiri habari za mauzo, nilimwandikia lilelile, kwa sababu lilikuwa limeshazoea kutoka.

Sikujua kwamba angeliamini kiasi hicho.

Naomba unisaidie kumwambia. Mimi siwezi, mkono unakataa.

Shemeji yako


12 Mei

Shemeji,

Nimesoma. Sikukujibu siku ileile kwa sababu maneno yaliyonijia si ya kumwandikia shemeji.

Simwambii. Si kwamba nakufichia. Mimi siye niliyesema, kwa hiyo mimi siye wa kusema tena. Mwandikie wewe, na ufanye haraka. Barua ya kiwanda imefika, iko mezani haijafunguliwa. Mwenyewe yuko safarini, ameenda kuzitoa kamera za mwisho.

Seremala


15 Mei

Mdogo wangu,

Mambo yameharibika, na naanza kwa kukuomba radhi.

Kiwanda wamezipima kamera zote nilizowarudishia. Hawakuona kasoro hata kwenye moja. Wamesema nimewaharibia jina kwa maduka yote ya upande huu, na kwa kuwa niliandika kwamba nimehakikisha mwenyewe, hawana mwingine wa kumuuliza. Uwakala wameuchukua. Mwisho wa mwezi natakiwa nikabidhi mihuri na stakabadhi.

Nimekaa nafikiri, na ninachokiona ni hiki: zile tatu nilizokuletea zilikuwa mbovu, na mimi kwa pupa yangu nikadhani zote ni hivyo. Ningeuliza zaidi. Ningekuja kuziona kwanza. Lakini nilikuwa nimekufanya ugombane na wenye kabati kwa ajili yangu, nikakuwekea vitu vibovu kwenye rafu yako nzuri mbele ya mwenye duka wako. Najua jinsi unavyoipenda kazi hiyo. Naona haya kwamba nimekutia aibu mahali pa kazi yako.

Nisamehe. Usinijibu kwa kunifariji, najua ulivyo. Shemeji yako tangu nirudi haongei, anaranda mbao ambazo hazina mteja. Nadhani naye amenichoka.

Dada yako


21 Mei

Dada,

Usiniombe radhi. Nakusihi, maneno hayo yafute.

Zile tatu si mbovu. Niliacha kuzichaji. Kampuni kubwa ilinikataza kutumia soketi zao, na mimi nikaona haya kukwambia kwamba rafu niliyojigamba nayo si yangu. Wateja walipokuta zimezimika niliwaambia hazikai na chaji. Lilikuwa neno langu, halikuwa la mteja yeyote. Kisha nikakuandikia wewe. Ulipoanza kuzunguka nilijua, na nikanyamaza. Nilimwandikia shemeji akuzuie, akanitaka ukweli, nikampa, akasema nikuambie mwenyewe. Hajakuchoka, dada. Anaranda mbao kwa sababu anajua.

Zote tatu ninazo nyumbani. Nimezichaji. Ziko mezani hapa zinawaka wakati nakuandikia.

Kiwanda nitawaandikia kwa jina langu na sahihi yangu, niwaeleze kwamba ni mimi. Na kama utaniruhusu, nitakuja huko tuzunguke pamoja, duka moja moja, niwaambie mimi.



Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mbele ya shemeji yako. Alitaka kuondoka nikamwambia akae.

Rafu isingeniuma. Ungeniambia, "Dada, wamenizidi nguvu," ningekucheka wiki nzima, ningekuletea mzigo hata uuweke chini ya viatu. Mimi si ndiye niliyekuwa nakufutia makamasi? Ulidhani ninakuheshimu kwa sababu ya kabati la watu?

Kinachoniuma ni yule mpiga picha wa harusi. Nilimnyang'anya kamera nzuri mikononi. Aliniambia ni nzuri na mimi nikamwona mjinga.

Sasa natakiwa nirudi kote nilikopita niwaambie kamera zilikuwa nzima. Uwakala nimepoteza, lakini nitapita hata bila uwakala, siwezi kuacha uongo umekaa kwenye maduka ya watu. Na kila mmoja ataniuliza nani aliyedanganya. Nimeshaamua jibu. Nitasema nilikosea mimi.

Usinishukuru. Sifanyi hivyo kukusitiri. Nimejaribu kusema peke yangu chumbani, "Ni mdogo wangu, wa tumbo moja," nikakomea kwenye neno la kwanza. Naona haya kulisema. Nafuu niitwe mjinga.

Usije.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Ulisema nisije. Kwako sijaja. Niko mji wa kwanza kwenye njia yako, nimepanga chumba jirani na stendi, na leo nimeanza kabla yako.

Mwenye duka letu nilimwomba ruhusa, akasema hakuna ruhusa ya kwenda kusafisha jina la bidhaa ya wengine. Nikaacha funguo za kabati kaunta. Kiwanda nimewaandikia kila kitu. Bado hawajajibu, na sijui kama watajibu.

Nilianzia kwa yule mama mwenye duka la vifaa vya shule, anayeuza kamera pembeni ya madaftari. Nilikuwa nimepanga maneno tangu njiani. Nikasalimia, nikataja kwamba natoka kwako, kabla sijamaliza akapiga makofi.

"Wewe ndiye mdogo wake! Yule wa duka kubwa! Karibu baba, kaa, kaa hapa."

Akanivutia kiti chake mwenyewe. Akafungua friji akanitolea soda, akaniwekea mkononi, akamwita jirani yake wa duka la pili aje anione. Dada, wananijua. Sikuwahi kukanyaga mji huu na wananijua. Wanajua nilivyoanza kwa kufuta vioo, wanajua ninavyoweza kuitambua lenzi kwa kuishika tu. Jirani yake akaniuliza kama ni kweli kwamba kabati lote liko chini yangu.

Yule mama akaniambia, "Dada yako alipokuja kuzitoa kamera nilimkatalia. Nikamwambia mimi sijaletewa lalamiko hata moja. Akaniambia, mdogo wangu ndiye aliyesema, na mdogo wangu hajawahi kunidanganya. Basi nikazishusha, ningebishana na nani?"

Walikuwa wananitazama wanasubiri niseme jambo la maana kuhusu kamera. Soda ilikuwa ya baridi, sikuwa nimeifungua. Nikaiweka juu ya kaunta, nikawaambia.

Niliwaambia yote. Soketi, mama mteja niliyemwambia hazikai na chaji, msimamizi alivyonipiga bega kunipongeza, barua niliyokuandikia. Jirani aliondoka katikati ya maneno yangu. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho na hakunitukana wala hakunifukuza. Aliichukua ile soda, akaifuta maji kwa kanga yake, akairudisha kwenye friji. Kisha akaendelea kupanga madaftari.

Nilisimama nikakirudisha kiti mahali pake nikatoka.

Kesho naingia studio iliyo mkabala na stendi. Nimemwona mwenyewe kwa mbali leo jioni anafunga milango, mzee mmoja mchangamfu, anacheka na kila anayepita. Najua naye atanikaribisha kwanza.

Mdogo wako